Kadenasi Tatu

Sanduku letu ni la bati.
Fundi wa Kadutu alilichomelea kwa mlango wa gari lililokufa,
ukiligonga linalia kama sufuria.
Lina kadenasi tatu.
Ufunguo wa kwanza unalala kifuani kwa Nabintu, muuza makala;
wa pili Wabiwa anaufunga kwenye pindo la kikwembe;
wa tatu uko kwa Nyamwiza, na hatuulizi wapi.

Mimi sina ufunguo. Nina daftari
na kalamu ya biki inayogoma kukiwa na baridi.
Mwanaume peke yangu kati ya wanawake ishirini na wawili.
Walinichukua kwa sababu ya mwandiko,
na nikichelewa wananitoza faini kama wenzangu.

Hisa moja ni franga elfu moja.
Kuna anayenunua tano,
kuna anayenunua moja, noti imekunjwa mara nne,
kama anaionea haya.
Ninaandika. Siinui macho.

Halafu ikaja mvua ya Novemba.
Huku kwetu nyumba zinakaa moja kwenye bega la nyingine,
kizingiti cha huyu ni paa la yule,
na maji ya Nabintu hayana pengine pa kwenda
ila jikoni kwa Wabiwa.
Usiku ule yalimpelekea matope, kandambili ya mtoto
na nusu gunia la makala.
Wabiwa akasema: ni makusudi.
Nabintu akasema neno kuhusu kabila la mwenzake,
neno ambalo sitaliandika hapa.
Ninajua uzito wake.
Mwaka ule tulipolisikia barabarani
tulilala chini ya vitanda.

Wiki tatu hawakusalimiana.
Wiki tatu sanduku halikufunguka:
huyu akija, yule ana udhuru.
Nyamwiza alikaa na ufunguo wake mkononi
kama mtu aliyeshika kijiko
kwenye nyumba ambayo haikupikwa.

Wiki ya nne mtoto wa Nsimire alishikwa na homa.
Hospitali ilitaka dhamana kwanza, kitanda baadaye.
Nilisoma kwa sauti, ukurasa wa arobaini na moja:
mfuko wa msaada, elfu themanini na sita na mia tano.
Pesa ilikuwepo. Mbele yetu, ndani ya bati,
na mtoto alikuwa anapumua kwa mbavu.

Hakuna aliyehubiri.
Nyamwiza alitia ufunguo, akageuza. Tak.
Akarudi kuketi.
Tukasikiliza mvua ikitafuta tundu kwenye paa.
Wabiwa akafungua fundo la kikwembe kwa meno.
Tak.
Nabintu akainama, vidole vyeusi vya makala vikitetemeka,
akakosa tundu mara moja, akakosa mara mbili,
na ni Wabiwa aliyewasha taa ya simu
akammulikia, uso ameugeuzia ukutani:
«Kushoto. Kushoto zaidi.»

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza.
Niliyaandika pembeni mwa ukurasa,
kwenye safu ya matumizi mengine.

Jumamosi ya salongo tulichimba mtaro.
Mfuko ulikopesha saruji, mifuko miwili.
Msamaha sikuusikia ukiombwa.
Niliona tu asubuhi moja, mlangoni kwa Wabiwa,
kopo la makala makavu, yaliyochaguliwa,
bila vumbi.

Walikuja watu wa mradi na fulana nyeupe,
wakauliza amani tunaipima namna gani.
Nilipekua daftari. Niliwaonyesha mtaro.
Waliupiga picha, lakini siku hiyo ulikuwa mkavu,
na mtaro mkavu hauna la kusema.

Nsimire bado anadaiwa elfu kumi na nne.
Mtoto anakimbia, anaangusha vitu vya watu.

Na leo, saa tisa na dakika ishirini,
Nabintu na Wabiwa ndio wanaingia,
mvua imewalowesha wote wawili,
wanabishana bado bei ya maharagwe
tangu kule juu, ngazi kwa ngazi.
Nimewaandika:
kuchelewa, mia tano kila mmoja.
Wamelipa huku wanabishana.